Sabuni Moja, Mafuta Mawili: Mchikichi wa Tshopo na Nyangumi wa Bahari ya Kusini

Ndugu wahitimu, na wadogo zetu ambao bado mko darasani, safari hii historia yetu inaanzia mbali na msitu. Tunazungumzia nyangumi. Swali litakalokuja nalijua: nyangumi iko na mambo gani na mutu wa Bengamisa? Sisi tuko kilometa 50 hivi kaskazini ya Kisangani, kwenye barabara ya Banalia na Buta. Maji tunayoyajua ni Lindi, ni Tshopo, ni mto Congo wenyewe. Kutoka Kisangani mpaka Muanda, kule nchi yetu inakogusa bahari, ni zaidi ya kilometa 1,500 hata ukiruka kama ndege. Wengi wetu tutazeeka bila kuonja maji ya chumvi.

Hata neno lenyewe ni mgeni. "Nyangumi" ni neno la pwani. Lilipanda huku pamoja na lugha, midomoni mwa wafanyabiashara wa Zanzibar na watu wao, wakati wa Tippu Tip, yule aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa niaba ya Leopold II. Lugha ilifika Kisangani, mnyama akabaki baharini.

Lakini nyangumi na Tshopo walikutana kweli. Walikutana ndani ya sufuria ya sabuni, huko Uingereza. Habari hiyo inatuhusu sisi watu wa kilimo kuliko tunavyodhani, kwa sababu inaonyesha kinachotokea pale mnunuzi anapohesabu mafuta bila kuhesabu kile kinachoyatoa.

Mtu wa sabuni

William Lever alikuwa Mwingereza wa Bolton, mtoto wa muuza vyakula. Alitajirika kwa sabuni ya Sunlight, na kuanzia mwaka 1888 akajenga kiwanda na mji wake kabisa, Port Sunlight, karibu na Liverpool. Sabuni inataka mafuta, na mafuta ya wanyama peke yake hayakumtosha. Alitaka mawese, tena alitaka ayapate mwenyewe bila kupitia madalali.

Tarehe 14 Aprili 1911 alitia sahihi mkataba na serikali ya Ubelgiji. Ndipo ikazaliwa kampuni ya Huileries du Congo Belge, ile ambayo bazee wengi waliijua kwa herufi tatu tu, HCB. Mkataba ulichora miduara mitano kwenye ramani, kila mmoja ukienea kilometa 60 kutoka katikati yake: Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Ndani ya miduara hiyo kampuni iliruhusiwa kujichagulia ardhi mpaka jumla ya hekta 750,000.

Barumbu ni huku kwetu, upande wa Basoko. Kituo chake kikubwa kikaitwa Elisabetha, kwa jina la malkia wa Wabelgiji. Leo tunakiita Lokutu. Kile cha Bumba kikaitwa Alberta, kwa jina la mfalme. Lusanga, kule karibu na Kikwit, kikaitwa Leverville, na hapo hakuna haja ya kueleza ni jina la nani.

Sasa, wale mliosoma mimea mnajua jambo moja ambalo waandishi wa mkataba hawakutaka kulijua. Mchikichi haupendi kivuli kizito cha msitu mkubwa. Ukikuta michikichi mingi pamoja, mara nyingi umekuta mahali palipokuwa kijiji, au shamba lililolala. Ngazi zile zilikuwa na wenyewe. Kwenye karatasi za Brussels ziliandikwa kama mali ya asili, kana kwamba zilijiotea tu bila mkono wa mtu.

Wakataji walitafutwa kwa msaada wa serikali. Kodi ilimsukuma mtu kutoka nyumbani, na askari walikuwa nyuma ya kodi. Kazi ilikuwa kupanda mti mrefu kwa mkanda, kukata vichane, kushuka, kubeba. Malipo yalifuata uzito wa ngazi zilizofika kwenye mizani. Mtu aliyeanguka hakuwa na uzito kwenye mizani ile. Mwanahistoria Jules Marchal, aliyewahi kuwa ofisa wa utawala wa kikoloni na baadaye mwanadiplomasia wa Ubelgiji, alichimbua nyaraka za kampuni na za serikali na kuonyesha wazi kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kulazimishwa, kwa miaka mingi.

Mafuta ya pili

Wakati huo huo, upande mwingine wa Atlantiki, kulikuwa na mafuta mengine yanayochemshwa.

Mwaka 1902 mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, alipata hati ya uvumbuzi wake wa kupitisha hidrojeni ndani ya mafuta ya maji na kuyafanya yagande. Linasikika dogo, lakini liligeuza biashara nzima. Mafuta ya nyangumi zamani yalikuwa ya taa na ya kulainishia mashine, yananuka samaki. Baada ya Normann yaliweza kugandishwa, kuondolewa harufu, na kuingia kwenye sabuni, kisha hata kwenye majarini ya kupaka mkate. Mtu wa Ulaya alipaka nyangumi kwenye mkate wake asubuhi bila kujua.

Tarehe 16 Novemba 1904 Mnorwe aitwaye Carl Anton Larsen alifungua kituo cha kwanza cha kuwinda nyangumi kwenye kisiwa cha South Georgia, kusini kabisa ya Atlantiki, mahali paitwapo Grytviken. Kwa nini kule, kwenye baridi na barafu? Hapa inabidi tuelewe maisha ya mnyama huyu.

Nyangumi wakubwa wa kusini wanagawa mwaka wao sehemu mbili. Kiangazi cha kusini, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, wanakaa kwenye maji ya baridi wakila. Chakula chao ni krili, kiumbe mdogo wa jamii ya uduvi, urefu wake kama kidole kidogo cha mkono. Nyangumi hana meno ya kumtafuna. Anafungua mdomo, anameza maji pamoja na krili kwa tani, kisha anayasukuma maji nje kupitia vichujio vinavyoning'inia mdomoni kama ufagio. Krili wanabaki ndani. Baridi ya kusini ikianza, wengi wanaondoka, wanasafiri maelfu ya kilometa kwenda maji ya joto kuzaa na kupandana. Huko karibu hawali kabisa. Wanaishi kwa akiba ya mwili.

Kwa hiyo maji ya kulia ndiyo ghala. Pale mnyama ananenepa, na pale anarudi kila mwaka, kwa sababu krili wanapatikana mahali panapojulikana. Mwindaji anafikiri kama mkulima anayengoja mihogo ijae ndipo avune. Tofauti ni kwamba mkulima amepanda.

South Georgia ilivuna bila kupanda. Kati ya 1904 na 1965 nyangumi 175,250 waliletwa na kuchunwa kwenye vituo vya kisiwa kile. Wa kwanza kuisha walikuwa nyangumi wa nundu, kwa sababu wanaogelea pole pole na karibu na pwani. Baadaye ikawa zamu ya nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi duniani.

Na Lever? Mwaka 1919 kampuni yake ilinunua Southern Whaling and Sealing Company, iliyokuwa na kituo chake South Georgia, kwenye ghuba ya Prince Olav. Hapo duara linafunga. Tajiri aliyekuwa na wakataji wa ngazi Elisabetha alikuwa sasa na wawindaji wa nyangumi kwenye barafu ya kusini. Mkataji wa Barumbu na mwindaji Mnorwe hawakujuana, lakini juu yao alikaa bwana mmoja.

Mwaka 1931

Mwanauchumi angesema tu kwamba mafuta haya mawili yalikuwa yanabadilishana. Mawese yakipanda bei, kiwanda kinachukua nyangumi. Nyangumi akipanda bei, kinachukua mawese. Mnunuzi mwenye milango miwili hawezi kubanwa na yeyote. Tarehe 1 Januari 1930 kampuni ya Lever na muungano wa wenye viwanda vya majarini vya Uholanzi zilianza kazi kama kitu kimoja, Unilever. Hakukuwa na mnunuzi mkubwa kuliko huyo wa mafuta ya nyangumi.

Meli nazo zilikuwa zimebadilika. Tangu mwaka 1925, meli-kiwanda Lancing ilipoonyesha namna ya kumvuta nyangumi mzima juu ya sitaha kupitia mteremko wa nyuma, hakuna aliyehitaji tena ghuba wala ruhusa ya serikali ya kisiwa. Msimu wa 1930–31 meli zilijazana Bahari ya Kusini. Waliua zaidi ya nyangumi 40,000 katika msimu ule mmoja, na kati yao zaidi ya 29,000 walikuwa wa buluu.

Mafuta yakafurika kwenye soko ambalo tayari lilikuwa limeshikwa na mdororo wa dunia. Bei ikaanguka. Msimu uliofuata meli za Norwe zilibaki nyumbani zimefungwa bandarini, na miji kama Sandefjord na Tønsberg ikajaa mabaharia wasio na kazi.

Sasa geukeni mtazame Congo katika mwaka huo huo. Mdororo ulishusha bei ya mawese pia. Kule Kwango, kwenye maeneo ya Leverville na ya Compagnie du Kasai, malipo ya ngazi yalikatwa wakati kodi haikupungua. Mtu alitakiwa alete ngazi nyingi zaidi ili alipe kodi ile ile. Mwezi wa Mei 1931 Wapende wakaanza kukataa. Mwezi wa Juni ofisa Mbelgiji, Maximilien Balot, akauawa. Jibu la serikali lilikuwa bunduki za askari wa Force Publique. Zaidi ya Wapende 500 waliuawa kabla uasi haujazimwa mwezi wa Septemba.

Nawaomba msiziweke habari hizi mbili kwenye mizani moja. Baharia wa Norwe aliyekosa kazi alirudi kwa mke wake. Mkataji wa Kipende alipigwa risasi. Lakini aliyeandika bei kwenye daftari alikuwa anaandika mstari mmoja tu: mafuta. Nyuma ya mstari huo kulikuwa na mnyama anayekwisha upande mmoja, na mtu anayechoka upande mwingine, na daftari halikuwa na safu ya yeyote kati yao.

Kuhesabu mapipa

Jambo hili la daftari linahitaji mfano mmoja zaidi, na wale wa takwimu mtaupenda.

Mataifa ya wawindaji yalipoona hatari, yalianza kuweka viwango. Mwaka 1946 mkataba wa kimataifa ulitiwa sahihi Washington, ukazaa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Kiwango cha mwaka kiliwekwa kwa kipimo kilichoitwa "kizio cha nyangumi wa buluu". Nyangumi mmoja wa buluu ni sawa na wawili wa pezi, au wawili na nusu wa nundu, au sita wa sei. Kwa nini hesabu hiyo? Kwa sababu ndiyo iliyolingana na mafuta yanayotoka. Kizio kilipima mapipa.

Fikirieni ofisa wa misitu anayesema: katika eneo hili mnaruhusiwa kukata mita za ujazo 16,000, aina ya mti ni shauri yenu. Kila mtu atakata nini kwanza? Atakata ule mkubwa, wa thamani, mpaka uishe, kisha anashuka kwenye ule unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa. Walimaliza wa buluu, wakahamia wa pezi, wakaishia kwa sei. Kipimo kile hakikuachwa mpaka mwaka 1972.

Tena kulikuwa na uongo. Meli za Muungano wa Sovieti ziliripoti kwamba katika kusini mwa dunia zimeua nyangumi wa nundu 2,710. Idadi ya kweli ilizidi 48,000. Tunajuaje? Kwa sababu wanabiolojia waliokuwa kwenye meli zile, vijana wenye diploma kama sisi, waliandika hesabu halisi. Mmoja wao, Dmitri Tormosov, alihifadhi kwa siri kumbukumbu za maelfu ya nyangumi, mmoja mmoja, badala ya kuziacha zichomwe. Mwaka 1993 Aleksey Yablokov, mshauri wa mazingira wa Rais Yeltsin, akautangazia ulimwengu ukweli.

Kati ya walioandikwa mumo wamo nyangumi 242 wa nundu waliouawa kinyume cha sheria katika Bahari ya Uarabuni, mwaka 1965 na 1966. Hawa ni jirani wa lugha yetu, kwa sababu wanaishi mbele ya Oman, kule walikotoka masultani wa Zanzibar. Wao hawahami. Upepo wa kusi unapoinua maji ya baridi yenye chakula karibu na pwani ya Oman, wanakula hapo, na wanazaa katika bahari hiyo hiyo. Uchunguzi wa jeni unaonyesha wametengana na wenzao kwa miaka 70,000 hivi. Makadirio ya Oman yanawaweka chini ya 100. Kwa kundi dogo namna hiyo, 242 ni balaa isiyosahaulika.

Yangambi inaingia

Nani aliyewaokoa waliobaki? Hapa watu wengi wanasimulia habari nzuri ya huruma: picha, nyimbo, maandamano. Ni kweli, yalisaidia. Lakini kabla yake bei ilikwisha kufanya kazi yake, na kwenye bei ile kuna mkono wa Tshopo.

Mnajua Yangambi, kilometa kama 100 kutoka Kisangani ukifuata mto. Pale INEAC, taasisi ya kilimo ya koloni iliyoundwa mwaka 1933, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walikuwa wanajiuliza kwa nini michikichi mizuri yenye ganda jembamba, tenera, haitoi watoto wanaofanana nayo. Mwaka 1941 walichapisha jibu. Tenera ni mtoto wa dura, yenye ganda nene, na pisifera, isiyo na ganda. Ukipandisha tenera kwa tenera unapata robo dura, nusu tenera, robo pisifera, somo la Mendel lile lile la mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mbegu inayotakiwa ni ya dura kwa pisifera, na hapo shamba zima linakuwa tenera, lenye mafuta mengi zaidi kwa kila kichane.

Elimu hiyo ilitoka Yangambi ikaenda duniani. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamepandwa kwa kanuni hiyo mpaka leo. Miaka ya 1950 na 1960 mafuta ya mimea, mawese, soya na mengine, yalizidi kuwa mengi na rahisi, wakati nyangumi walizidi kuwa wachache na wa gharama. Waingereza waliacha uwindaji wa Antarctica mwaka 1963. Vituo vya South Georgia vilinyamaza kabisa mwaka 1965. Wanorwe wakaacha Antarctica mwaka 1968. Ndipo sheria ikafuata kwa nguvu: nyangumi wa nundu wakalindwa kusini mwa dunia miaka ya 1960, na mwaka 1982 Tume ikapiga kura kusimamisha uwindaji wa biashara, amri iliyoanza kufanya kazi msimu wa 1985–86.

Yangambi haikufanya utafiti ule kwa ajili ya nyangumi, hakuna aliyewaza hivyo. Lakini uzi upo. Mchikichi ulisaidia kumtoa nyangumi kwenye sufuria, na kazi hiyo ilifanyika kwenye udongo wetu, na vibarua wetu ndio waliopanda viwanja vile.

Wanaokwenda kutazama

Leo watu wanalipa fedha nyingi kwenda kwenye maji yale yale ya kulia, safari hii wakiwa na kamera. Sababu ya kwenda pale haijabadilika: mnyama anarudi mahali chakula kilipo, kwa hiyo unajua wapi na lini kumkuta. Ramani ya mwindaji imekuwa ramani ya mtalii. Meli za wageni zinasimama Grytviken, watu wanapita katikati ya matangi yenye kutu, halafu wanatoka nje ya ghuba kuangalia migongo inayopumua.

Na migongo ipo. Nyangumi wa nundu wanaokula karibu na South Georgia na kwenda kuzaa Brazil walikuwa wamebaki kama 450 katikati ya miaka ya 1950, kutoka 27,000 hivi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 inawaweka karibu 25,000. Nyangumi wa buluu, ambao karibu hawakuonekana pale kwa miaka mingi, wameanza kurudi: uchunguzi wa mwaka 2020 uliona 55.

Kwenye bara letu kuna ajabu nyingine. Vitabu vilifundisha kwamba nyangumi wa nundu wa kusini wanakula Antarctica tu. Lakini kuanzia mwaka 2011 watafiti wa Afrika Kusini waliona makundi makubwa, kuanzia 20 mpaka 200 pamoja, yakila karibu na pwani ya kusini-magharibi ya nchi ile, kwenye maji ya baridi ya mkondo wa Benguela. Ni upande ule ule wa Saldanha Bay, ambako kituo cha Donkergat kiliwachuna nyangumi mpaka mwaka 1967. Sheria ya Afrika Kusini inakataza chombo kisicho na kibali kumkaribia nyangumi chini ya mita 300. Mnyama anayekula akisumbuliwa anapoteza akiba ya safari nzima, na safari yake ni ndefu.

Upande wa Kenya, Watamu, nyangumi wa nundu wanapita kuanzia Julai mpaka Septemba hivi, wakija kuzaa, na manahodha na wavuvi wa pale wamekuwa sehemu ya wanaowahesabu. Upande wa Atlantiki, wengine wanapanda mpaka Gabon na Angola. Katikati ya Gabon na Angola kuna nani? Kuna sisi, na pwani yetu ya Muanda isiyofika kilometa 50, yenye hifadhi ya mikoko iliyotangazwa mwaka 1992. Mhitimu wa kwetu atakayekwenda kufanya kazi kule asishangae akiona maji yanaruka juu kama mvuke.

Safu iliyokosekana

Sasa turudi nyumbani, ndugu. Nyangumi alipona kwa sababu kadhaa: bei, sheria, kelele za watu. Lakini kila moja ya hizo ilitaka hesabu. Leo mtu anaweza kusema "walikuwa 450, sasa ni 25,000" kwa sababu kuna aliyeandika kila mnyama, tarehe, jinsia, urefu, mahali. Hata daftari la mwindaji, lililoandikwa kwa ajili ya mapipa, limegeuka ushahidi mikononi mwa mtu aliyejua kulisoma.

Je, upande wa mchikichi? Mashamba ya Lokutu yapo mpaka leo. Unilever iliyauza mwaka 2009 na yamebadilisha wenye mali tena baadaye. Mwaka 2018 jamii tisa zinazoishi kuzunguka mashamba hayo zilipeleka malalamiko ya ardhi mpaka Ujerumani, kwa benki ya maendeleo ya DEG iliyokuwa imekopesha mwekezaji. Kiini cha malalamiko kinarudi kwenye miduara ile ya mwaka 1911. Na swali la kwanza ambalo msuluhishi yeyote atauliza ni hili: kijiji kilikuwa wapi, shamba la nani lilikuwa wapi, walikuwa watu wangapi? Kampuni ina tani zake tangu siku ya kwanza. Vijiji vina kumbukumbu za wazee, na wazee wanaondoka.

Kazi hiyo haihitaji mradi wa mzungu wala gari la tume. Inataka daftari, GPS ya simu, na mtu anayejua kutofautisha mchikichi wa shamba la zamani na ule uliopandwa kwa mstari. Yaani inataka mtu aliyesoma yale tuliyosoma. Kijiji kimoja, wazee wanne au watano, majina ya mashamba ya zamani, kilo ngapi za ngazi kwa bei gani mwaka gani, nani alianguka kutoka mtini na familia yake ililipwa nini. Ukiandika vizuri, hata asiyekupenda atalazimika kukujibu kwa hesabu.

Kati yetu wapo ambao babu zao walikata ngazi Elisabetha, au walipalilia viwanja vya majaribio Yangambi. Waulizeni likizo hii. Andikeni jina la kijiji, mwaka, na kile mzee alichosema, kwa lugha aliyosemea, mkiulete hapa tuusome pamoja. Tukipata hata vijiji kumi tu, tutakuwa na kitu ambacho daftari la HCB halikuwahi kuwa nacho.